Jani Zima la Mkonge

Jani la mkonge lina mwiba mweusi nchani, lina ngozi ngumu yenye nta inayozuia maji yasipotee, na ndani yake zimelala nyuzi zipatazo elfu moja, zimenyooka kutoka shinani hadi nchani.  Mazungumzo ya jioni hii ni ya jani hilo.  

Kwa nini jani la mkonge, wakati kichwa cha kipindi ni teknolojia, sayansi na maisha mema? Kwa sababu katika bonde la mto Pangani jani hili limekuwa shule ya mambo yote matatu kwa zaidi ya miaka mia moja. Limeleta mashine, limevuta reli, limehamisha watu, limejenga miji na kuiacha na njaa. Na ndani yake mna swali moja ambalo msikilizaji anaombwa alishike tangu mwanzo, kwa sababu litarudi mara kwa mara: baada ya teknolojia kufanya kazi yake, kimebaki nini, na kimebaki kwa nani?

Jambo la kwanza ni mizani. Ukipima kilo 100 za majani mabichi ya mkonge na kuyapitisha kwenye mashine, katani kavu inayopatikana ni kama kilo 4 tu. Zilizobaki ni maji, nyama ya jani, ngozi yake na nyuzi fupi zilizokatika. Mama anayekuna nazi analielewa jambo hili bila kuelezwa. Tui likishakamuliwa hubaki machicha, na katika nyumba nyingi machicha hayatupwi hovyo: kuku huyasubiri mlangoni. Basi mkonge nao una machicha yake, tena mengi kupita katani yenyewe. Kwa miaka mingi machicha hayo yalikuwa hayahesabiwi. Hayakuwa na daftari. Na wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa, mmea huu ulifikaje hapa? Asili yake ni Mexico, katika rasi ya Yucatán, na jina lake la kigeni, sisal, ni jina la bandari iliyoko huko. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, nchini Marekani. Miche ilipelekwa kwanza Hamburg, kisha ikaletwa Afrika Mashariki. Ilianza safari ikiwa elfu moja. Iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyoifunika Tanga. Hilo liliwezekana kwa sababu ya tabia ya mmea wenyewe: mkonge hutoa maua mara moja tu maishani, juu ya mlingoti mrefu unaoonekana kutoka mbali, na juu ya mlingoti huohuo huota vitoto kwa mamia. Kisha mama hufa. Anakufa akiwa ameacha shamba jipya juu ya kichwa chake.

Mmea peke yake usingefika mbali. Ulihitaji mambo mawili, reli na mashine. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka huohuo wa 1893, ikafika Muheza mwaka 1896 na Korogwe mwaka 1902. Mashine ni ile inayojulikana kwa kila mtoto aliyekulia katika kambi za mashamba ya mkonge: korona. Kwa ufupi inafanya kazi hivi. Majani yaliyokatwa hupangwa kwa ubapa kwenye mkanda, yakabanwa katikati na kupelekwa kwenye ngoma kubwa inayozunguka. Ngoma ina vyuma butu, na kazi ya vyuma hivyo ni kuliponda jani na kulikwangua bila kulikata. Upande mmoja ukiisha, jani hubanwa upya na upande wa pili hukwanguliwa. Maji hunyunyizwa muda wote ili uchafu uondoke na uzi ubaki mweupe. Uzi hutoka, huanikwa juani, hupelekwa kwenye brashi, hupangwa kwa madaraja, hushindiliwa marobota, na marobota husafirishwa kwenda bandarini.

Msikilizaji ataona mara moja kwa nini mashamba mengi yalikaa karibu na mto na karibu na reli. Katani ilienda na reli. Na machicha je? Machicha yalienda na mto.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Maji yanayotoka korona yamebeba sukari na vitu vingine vinavyooza haraka. Yakimwagwa mtoni, vijidudu visivyoonekana kwa macho huvishambulia vitu hivyo, na katika kuvila hutumia hewa ya oksijeni iliyomo majini. Oksijeni ikipungua, samaki hukosa pumzi. Maji hubadilika rangi, hunuka, na anayechota chini ya korona hupata maji tofauti na anayechota juu yake. Machicha yanayorundikwa nchi kavu nayo huoza. Katikati ya lundo, mahali hewa isipofika, huzaliwa gesi ya methani, ambayo ikiachwa huru hupanda angani na kuongeza joto la dunia. Basi kimebaki nini? Lundo na maji machafu. Kimebaki kwa nani? Kwa mchota maji, kwa mvuvi, na kwa mtoto anayeoga mtoni.

Jambo la pili ni watu. Mkonge hukatwa kwa mkono. Hadi leo mkata mkonge huingia shambani na kisu, akajihadhari na miiba, akakata jani baada ya jani na kufunga mizigo. Wenyeji wa bonde hili, Wazigua na Wasambaa, walikuwa na mashamba yao ya chakula na wengi hawakutaka kazi hiyo ya mwaka mzima. Kwa hiyo wenye mashamba walitafuta watu mbali: Kigoma, Songea, Njombe, hata Burundi. Mwaka 1944 waajiri wa mkonge waliunda shirika la kuandikisha vibarua, lililojulikana kwa jina la SILABU. Watu walisafirishwa kwa malori na treni, na wakaitwa manamba. Jina hilo limetokana na namba. Mtu alitoka kwao ana jina la babu yake, akafika kambini akawa namba.

Mkononi alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku ilihesabiwa pale kazi aliyopimiwa ilipokamilika. Aliyeugua, aliyechoka au aliyeshindwa kumaliza, siku yake haikuingia. Hebu msikilizaji aone ufanano uliopo. Korona ilitoa uzi ndani ya jani na kuacha mengine yote. Utaratibu wa manamba ulitoa nguvu ya mikono ndani ya mtu na kuacha mengine yote: akili yake, ufundi aliotoka nao kwao, hamu yake ya kuwa karibu na watoto wake, uzee wake. Jani na mtu walitazamwa kwa jicho moja. Kilichochukuliwa kilikuwa kidogo. Kilichoachwa kilikuwa kikubwa.

Hata hivyo watu hao hawakukubali kubaki namba. Walikuta kambini watu wa makabila mengi, wakaongea Kiswahili, wakaoana, wakalima vishamba kando ya kambi, wakazika na kuzikana. Wengi hawakurudi walikotoka. Katika makazi ya mashamba ya Korogwe wapo wajukuu wao leo, wanaosema Kiswahili cha Tanga na kuyajua makaburi ya wazee wao yalipo. Hilo nalo limebaki, tena ni jambo jema, ingawa hakuna mwenye shamba aliyelipanga.

Jambo la tatu ni kuanguka. Wakati wa uhuru mkonge ulikuwa zao lililoongoza kuiletea Tanganyika fedha za kigeni, na katikati ya miaka ya 1960 uzalishaji ulipita tani 200,000 kwa mwaka. Kisha bei ikaporomoka. Viwanda vya kemikali vilikuwa vimeanza kutengeneza kamba kutokana na mafuta ya petroli. Zilikuwa nyepesi, za rangirangi, tena rahisi. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba. Uzalishaji uliendelea kushuka mwaka baada ya mwaka, na kufikia miaka ya 1990 ulikuwa kama tani 20,000 tu. Korona nyingi zikazimwa. Mashamba mengi yakaingia vichaka.

Sababu za kuanguka huko ni nyingi: bei ya dunia, uendeshaji, uchakavu wa mitambo. Lakini moja haitajwi sana, na inastahili kutajwa jioni hii. Mashamba yalikuwa yakiuza kilo 4 kati ya kilo 100. Bei ya kilo hizo 4 ilipoanguka, hapakuwa na kitu kingine cha kushika. Kilo 96 zilizobaki hazikuwa zimejifunza kazi yoyote. Laiti zingekuwa na kazi, mshtuko ungekuwa mdogo. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Dunia iliutupa mkonge kwa kamba za plastiki, na leo plastiki hiyo haiozi, imejaa mashambani na baharini, na dunia hiyohiyo inaurudia uzi unaooza na kuwa udongo.

Sasa swali: je, kilo zile 96 zina kazi? Sayansi imejibu kwamba zinayo, na jibu mojawapo limepatikana hapahapa wilayani Korogwe.

Ili kulielewa jibu hilo, chukulia tumbo la ng'ombe. Ng'ombe hana meno ya ajabu wala dawa kali ya kuyeyusha majani makavu. Alicho nacho ni tumbo kubwa lenye joto, lisilo na hewa, lililojaa vijidudu vinavyofanya kazi kwa niaba yake. Mtambo wa gesi ya machicha ya mkonge ni tumbo la namna hiyo, lililojengwa kwa chuma na saruji. Machicha huingizwa, hewa huzuiwa, vijidudu huyala na kutoa methani. Gesi hiyo ambayo kwenye lundo ingepotea angani hukusanywa na kuzungusha injini ya umeme. Kinachotoka upande wa pili ni tope lenye rutuba linalofaa kuwa mbolea. Kati ya mwaka 2007 na 2008 mtambo wa aina hii ulianza kazi katika shamba la Hale. Ulijengwa na kampuni ya Katani ikishirikiana na serikali na mashirika ya kimataifa, ukiwa na uwezo wa kilowati 150. Ulikuwa wa kwanza duniani kuzalisha umeme kutokana na mabaki ya mkonge. Wa kwanza duniani, msikilizaji, na ulijengwa Hale.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Anthony Mshandete na Amelia Kivaisi, waliichunguza elimu hii kwa undani. Moja ya mambo waliyoonyesha ni kwamba machicha ya mkonge yakichanganywa na mabaki ya samaki, gesi huongezeka sana. Sababu yake ni nyepesi kuieleza. Machicha yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Samaki wana naitrojeni tele. Vijidudu, kama watu, havistawi kwa chakula cha aina moja. Taka mbili zilizokuwa kero mahali pawili tofauti, zikikutanishwa kwa kipimo, zinakuwa nishati.

Na gesi si kazi pekee. Machicha yakisindikwa vizuri ni chakula cha ng'ombe. Nyuzi fupi huchanganywa na plasta, na mafundi wa dari za jipsamu wanazijua vizuri, kwani ndizo zinazoshika jipsamu isipasuke. Katika maji ya jani mna kemikali iitwayo hekojenini, mali ghafi ya dawa za jamii ya steroidi. Vituo vya utafiti vya Amani na Mlingano, huko Muheza, navyo viliacha urithi wao: mkonge chotara namba 11648, unaotoa majani mengi kuliko mkonge wa kawaida. Elimu ipo, na sehemu kubwa imezaliwa mkoani Tanga.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba mtambo ukishajengwa kazi imekwisha. Tumbo la chuma, kama la ng'ombe, linataka kulishwa kila siku. Korona ikisimama wiki mbili kwa kukosa kipuri, vijidudu hukosa chakula. Linataka maji, fundi wa karibu, na mtu wa kupima na kuandika. Teknolojia huishi pale wanapoishi watu wanaoijua na wanaonufaika nayo, na hapo ndipo swali la pili linapokuwa zito: kimebaki kwa nani?

Hapo shamba la Ngombezi lina fundisho lake. Mwaka 1998 mashamba ya serikali yaliuzwa, na baadaye katika mashamba matano, yaani Hale, Magoma, Magunga, Mwelya na Ngombezi, wakulima wadogo walianza kugawiwa maeneo ya kulima mkonge wao wenyewe. Baadaye wakawa na vyama vyao vya ushirika, AMCOS. Ni badiliko kubwa kuliko linavyoonekana. Mjukuu wa manamba aliyekuwa na kipande mkononi sasa anaweza kuwa na shamba. Mkonge hupandwa kwa mistari miwili ya karibu ikifuatwa na njia pana. Katika njia hiyo mkulima hupanda mahindi au maharage wakati mkonge ukiwa mchanga. Anangoja kama miaka mitatu kukata jani la kwanza, lakini hangoji na njaa.

Ila mkulima huyu ana jani na hana korona yake. Jani lililokatwa haliwezi kungoja siku nyingi. Hukauka na uzi wake huharibika. Kwa hiyo anayeshika korona ana nguvu juu ya anayeshika shamba. Ndiyo maana mizani iliyo wazi, hesabu inayosomwa mbele ya mkutano, na zamu ya korona inayoheshimiwa ni teknolojia pia, tena ya maana sawa na injini. Kuna swali jingine ambalo kila chama cha wakulima wa mkonge kinafaa kuliuliza mapema: machicha ni ya nani? Mkulima akilipwa uzi tu, na kesho machicha yakawa umeme, mbolea na chakula cha mifugo, faida ya kilo zile 96 itakwenda wapi? Mkataba uliotaja uzi bila kutaja machicha umelitazama jani nusu.

Msikilizaji asiye na shamba la mkonge asidhani hayamhusu. Swali hilohilo linamfuata hadi mashineni. Mashine ya kusaga imempunguzia mwanamke wa Handeni na wa Korogwe mtwango wa saa nyingi, na hilo ni jema lisilo na shaka. Lakini mahindi yakikobolewa kupata sembe nyeupe, ngozi na kiini cha punje hutoka, na humo mna mafuta, vitamini na nyuzi zinazolisaidia tumbo. Kimebaki nini? Nyumbani, wanga mweupe. Kwa mwenye mashine, au kwa kuku, pumba zenye lishe. Anayekula dona amekula punje nzima. Na ule muda uliookolewa kwenye kinu, umebaki kwa nani? Umekuwa mapumziko ya mama, au ameongezewa kazi nyingine?

Linamfuata hadi kwenye simu. Malipo yanafika kijijini bila safari ya kwenda mjini, na bei ya sokoni inajulikana kabla ya gari la mnunuzi kuwasili. Huo ni uzi mzuri uliotolewa ndani ya siku ya mtu. Lakini jioni ikimkuta kila mmoja nyumbani ameinamia kioo chake, mazungumzo ya baba na watoto yamekwenda na mto. Chombo kile kile kinaweza kuacha jioni nzima au kuacha machicha yake. Anayeamua ni mwenye nyumba.

Maisha mema, basi, hayapimwi kwa wingi wa mashine. Mtu wa enzi za manamba aliishi karibu na mashine bora za wakati wake, na hakuishi vizuri. Yanapimwa kwa kile kinachobaki baada ya mashine kuzimwa: mto unaonyweka, mapafu ambayo vumbi la chumba cha brashi halijayaharibu kwa sababu kuna barakoa na madirisha mapana, daftari ambalo mkulima anaweza kulisoma, mama aliyepata kupumzika, mzee asiyetupwa nguvu zilipomwishia. Jamii inayojua kulitumia jani zima itajifunza upesi kumtazama mtu mzima.

Mazungumzo yanaishia hapo. Yaliyosemwa yashikwe kwa ufupi: uzi ni kilo 4, machicha ni 96, sayansi imekwisha kuonyesha kwamba machicha ni mali, na kila mali mpya inapozaliwa, watu waulize mapema imebaki kwa nani, wakati mkataba bado haujatiwa saini.